Usiiwashe Tena

"Abiria mnaoelekea kaskazini, mnaombwa kusogea lango la pili," sauti nzito ilitoka kwenye spika za kituo cha mabasi, na mshonaji akasimama ghafla katikati ya watu. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake, begi la vifaa begani, akampiga kikumbo.

"Dada, watu hawasimami hivyo njiani!"

"Samahani. Nilikuwa namsikiliza mume wangu."

Mwanamume akatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Ndiye anayetangaza."

"Basi mwambie apunguze sauti, anatutoboa masikio."

"Alishafariki. Hawajarekodi mwingine."

Mtu mwingine angejiondokea kwa haya. Huyu alibaki, kwa aibu, na tuseme kweli, kwa lile gauni la kijani lililomkaa mshonaji kama alizaliwa nalo. Alimnunulia maji, wakakaa kwenye benchi. Mshonaji aliposikia kwamba ni fundi wa kompyuta, alimsimulia yote. Marehemu alikuwa akifanyia mazoezi ya matangazo nyumbani, na rekodi zote zimo kwenye kompyuta. Sasa kompyuta haifunguki. Inasema inajirekebisha, inazima, inawaka, inaanza upya.

"Sauti yake ya kazini ninaisikia hapa," alisema. "Ya nyumbani imo mle, na nimeanza kuisahau."

Kesho yake fundi alikuwa sebuleni kwa mshonaji. Mama mkwe wa mshonaji, aliyeishi naye, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Skrini ilionyesha vile vidoti vinavyozunguka, ikasema inajirekebisha, ikafa giza. Kisha kitu kikavuta pumzi mle ndani, na vidoti vikarudi. Fundi alishafungua kompyuta nyingi za namna hiyo, lakini hii ilimsisimua nywele.

"Anahangaika kurudi," mama mkwe alinong'ona.

Fundi akatega sikio. Ndani mlikuwa na mkwaruzo. "Diski inakufa, mama. Kila ikiwashwa inapoteza kitu. Isiwashwe tena mpaka nilete nyingine ya kuhamishia." Akaizima mwenyewe.

Diski ilikawia kufika. Simu hazikukawia.

"Fundi, umekula?"

"Nikisema sijala utanipikia?"

"Mimi kazi yangu kushona."

"Basi nishonee shati. Nije unipime?"

"Una haraka, wewe!"

Walikuwa wakicheka, kisha cheko la mshonaji linakatika, na fundi anajua kwamba kwenye laini wako watatu, marehemu akiwemo. Hata hivyo alimpenda, na alishalala na wazo la kumposa, akaamka nalo.

Siku alipokuja na diski, alikuta vidoti vinazunguka.

"Umeiwasha!"

"Sijaigusa!"

"Ina joto kama pasi, bibie. Kaiwasha nani, marehemu?"

Neno likishatoka halirudi. Mshonaji alimkazia macho. "Rudia."

"Hutaki ipone," fundi akasema, naye ameumia. "Unataka nije nije tu, na yeye abaki humu akizunguka."

"Na wewe unaomba ife, upate nafasi. Toka nyumbani kwangu!"

Akatoka. Mama mkwe alikuwa kitini pake, akitazama vidole vya miguu yake.

Mchana wa siku ya pili simu ililia karakanani kwa fundi.

"Fundi, ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyekuwa naiwasha."

"Mama! Kwa nini?"

"Akishaipata ile sauti atalia, atapoa, utamchukua. Nina macho. Mimi mtoto wangu alikuwa mmoja tu. Nitabaki na nani?" Akavuta kamasi. "Nimemwambia. Hasemi na mimi."

Fundi alifika anahema. Mshonaji alifungua mlango, macho yamevimba.

"Nilikuonea. Nisamehe," fundi akasema.

"Nami nilikukosea. Ingia."

Fundi alimpita, akaenda kuchutama mbele ya mama mkwe. "Mama, naposa. Natafuta nyumba yenye chumba chako."

"Wewe! Nimekubali lini?" mshonaji akashtuka.

"Namwomba mama kwanza. Zamu yako inakuja."

Kisha akaichomoa diski ya zamani, akahamishia kwenye mpya kilichohamishika. Rekodi nyingi zilikuwa zimeharibika. Moja ilifunguka.

"Abiria mnaombwa... mnaombwa kuso... Ah! Mke wangu, zima hiyo feni, nasikika kama niko ndani ya pipa!" Likafuata cheko, kubwa, la nyumbani.

Kabla cheko halijaisha, mshonaji alikuwa ameshafika ukutani, kidole kwenye swichi. Feni ya darini, ileile, ilipunguza mwendo, ikasimama. Alikuwa ameitii sauti bila kufikiri. Wote watatu walisubiri marehemu aendelee, lakini rekodi ilikuwa imeishia hapo.

Joto likajaa chumbani. Mshonaji alilia kwa sauti, na mama mkwe akamfuata palepale ukutani, akamkumbatia mpaka kilio kikapungua. Kisha mama akajifuta uso kwa kiganja.

"Fundi," akasema, "washa feni. Humu tuko watu hai."

Fundi alimtazama mshonaji kwanza. Mshonaji akaondoa kidole kwenye swichi, akampisha.