Sanduku la Udongo wa Madibira

Kilichoibwa kilikuwa udongo.

Koplo Yotamu alimwuliza mpigaji simu mara mbili, kisha akaziba simu kwa kiganja na kumgeukia mkubwa wake. "Afande, kuna watu wako Isimila wanasema wameibiwa udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kaburi."

Inspekta Mwanaidi Halfani akaweka kikombe cha chai mezani. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi mkoani Iringa alikuwa ametafuta ng'ombe, pikipiki, nyaya za umeme, hata kengele ya kanisa. Udongo, hapana. Akachukua funguo za gari mwenyewe, jambo analofanya akinogewa tu.

Saa mbili na nusu asubuhi walikuwa eneo la tukio. Mwezi wa kumi Isimila hukauka hasa: korongo jeupe, nguzo za mchanga mgumu zimesimama juu kuliko nyumba, na vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Chini ya nguzo hizo palikuwa na mahema matatu, gari moja, na familia iliyokaa kimya mno kwa watu waliokuja kupiga kambi.

Aliyepiga simu alikuwa Lusekelo, mkwe, Mnyakyusa wa Tukuyu anayependa mambo yanyooke. Alieleza bila kuzunguka.

Baba mkwe wake, Mzee Sosthenes, alikuwa mkulima wa mpunga Madibira. Alifariki huko miaka kumi na tisa iliyopita, katikati ya masika, barabara imekatika, akazikwa hukohuko. Mjane wake, Mama Benedicta, sasa alikuwa na miaka sabini na moja na magoti mabovu. Aliomba jambo moja tu: udongo wa kaburi la mumewe uletwe nyumbani Kihesa, uzikwe mahali atakapozikwa yeye, wawe pamoja. Kasian, mtoto wa kwanza, mwalimu wa Mbeya, alikwenda kuuchota Jumanne.

"Na Isimila mnatafuta nini?"

"Mzee aliwaahidi wanawe kuwaleta kulala kwenye nguzo hizi. Hakujaliwa. Tukasema tulale naye usiku mmoja kabla ya kumzika upya. Padri anatusubiri leo saa tisa."

"Sanduku lilikuwa wapi?"

"Hema la katikati. Peke yake. Saa kumi na mbili mke wangu kaenda kulisalimia, halipo."

Yotamu akarudi kutoka kukagua mchanga. "Alama za nyayo ni zao tu, afande. Wote waliingia humo jana kusali. Mlinzi wa getini anasema hakuna mgeni aliyepita."

Kwa hiyo mwizi alikuwa hapo hapo, akisubiri uji. Mwanaidi akahisi raha ile ya kazi, na papo hapo akaona aibu kidogo, maana msibani si mahali pa kufurahia.

Akaanza na Kasian. Mtu mzima, shati limepigwa pasi hata kambini.

"Uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Afande, haya ni ya familia, shemeji ameharakisha kuwasumbua. Mngerudi tu. Tutachota mwingine."

"Padri anasubiri saa tisa. Utachota wapi saa hizi?"

Kasian akatazama kamba za viatu vyake. "Tutaona."

Mtu aliyesafiri siku nzima kuchota udongo wa baba yake, ukaibwa, halafu anasema tutaona. Mwanaidi akaliandika neno hilo kama lilivyo.

Eveline, mdogo wake wa kike na mke wa Lusekelo, muuguzi, alikuwa anakoroga uji huku moshi wa kuni unamtoa machozi. Pembeni yake palikuwa na jiko la mkaa, la baridi, na kiroba cha mkaa kimefungwa kamba.

"Mkaa mnao na jiko mnalo. Kuni za nini?"

"Mama kasema mkaa umelowa."

"Umelowa na nini?"

Eveline akatazama juu. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano. "Sijui, afande. Mama akisema, sisi tunafanya."

Mwanaidi akavaa glavu, akafungua kiroba na kuzamisha mkono. Mkaa ulikuwa mkavu, unalia kama vigae. Chini yake vidole vikagusa mbao.

Walilifungulia sanduku nyuma ya gari la polisi, wao wawili tu. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, na juu yake rozari nyeusi iliyokwisha rangi. Chini ya kitambaa palikuwa na udongo mwekundu, laini, uliochanganyika na majani makavu membamba.

Yotamu, mzaliwa wa Mafinga, akaokota jani moja na kulinusa. "Afande, hii ni paini. Kwetu tumelala juu yake tangu utoto."

"Madibira kuna paini?"

"Madibira kuna mpunga na mbu."

Mama Benedicta alikuwa amekaa kwenye mkeka, kivulini mwa nguzo, mbali na wanawe. Mwanaidi akavua viatu, akaketi, akaliweka sanduku kati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelipata."

"Nimelipata. Ulilificha wewe?"

"Mimi." Hakubabaika hata kidogo. "Alfajiri niliingia kumwekea rozari yake. Nikafunua kitambaa." Akasugua kidole gumba na cha shahada, kama bado anaupima ule udongo. "Umewahi kulima mpunga?"

"Hapana, mama. Kwetu ni watu wa duka."

"Mimi nimelima Madibira misimu saba. Udongo wa kule ni mweusi. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakuvua kiatu. Ule sio. Sijui ni wa wapi, ila mume wangu hayumo."

"Kwa nini hukumwuliza Kasian?"

"Mbele ya shemeji yake? Mbele ya mdogo wake? Ndiye baba wa nyumba sasa. Nikaona bora wamlaumu mwizi."

"Na leo saa tisa ungezika nini?"

"Rozari. Ningesema inatosha."

"Halafu wewe ulale pembeni ya rozari."

Mama akayatazama mahema ya wanawe. Upepo ulipita korongoni, ukatulia.

"Mwite," akasema.

Kasian alipoliona sanduku magotini mwa mama yake, hakuuliza limepatikana wapi. Akakaa mchangani na shati lake la pasi.

"Udongo huu umeuchota wapi?" Mwanaidi aliuliza.

"Mafinga. Kando ya barabara, msituni."

"Madibira ulifika?"

"Nilifika."

"Ikawaje?"

"Sikulipata kaburi." Sauti ilikuwa ya mtoto anayesomewa matokeo. "Mama, kila Novemba ulikuwa unanituma kulipalilia. Sijawahi kwenda. Mwaka wa kwanza barabara ilikuwa mbovu, nikakuambia nimekwenda. Mwaka wa pili nikaona haya kuanza kusema kweli. Ikawa hivyo hivyo, miaka kumi na tisa."

"Na Jumanne?"

"Msalaba umeoza. Trekta limehamisha matuta. Nimezunguka tangu asubuhi mpaka jua linazama."

"Watu walikuwepo mashambani?"

"Walikuwepo."

"Hukuwauliza?"

Kasian akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Afande, mimi ni mwalimu, mtu mzima. Ningeanzaje kumwuliza mtu baki kaburi la baba yangu liko wapi?"

Ndiyo ilikuwa sababu yote. Mwanaidi alikuwa amesikia sababu za visu na za sumu, lakini hii ilimchoma. Akafunga daftari.

"Mimi ungeniuliza," Mama Benedicta alisema taratibu. "Liko kushoto mwa banio la tatu la maji ya mfereji, hatua kumi na mbili. Siku naondoka kule niliacha jiwe langu la kusagia, kichwani pake. Sikuwa na kingine cha kumwachia."

Kasian akainua uso.

"Jiwe bapa? Lenye shimo katikati?"

"Hilo."

Kasian akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka. "Mama, nililikalia. Nilipochoka kumtafuta, nililikalia nikala mkate."

Eveline alikuwa amesogea na upawa wa uji mkononi, na Lusekelo nyuma yake, wamesikia yote. Mama akanyoosha mkono, akamshika mwanawe kisogoni, kwa nguvu.

"Basi mlikaa pamoja," akasema.

Kisha akajiinua kwa kuegemea bega la Kasian, akamwambia Lusekelo ampigie padri, amwambie kesho, si leo. Mwanaidi akamwuliza sanduku lifanyweje, maana lilikuwa bado kielelezo.

"Niachie, mwanangu. Huo udongo tutaurudisha Mafinga, ni njiani. Kasian, washa gari. Mbele nakaa mimi, nikuonyeshe."