Upenyo wa Vidole Viwili

Ubao mmoja wa chini ukutani, ule wa upande wa msitu, ulikuwa umelowa. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, na mahali pale hilo ni jambo la kushukuru, maana nyumba ile imezungukwa na miti mirefu hivi kwamba saa sita mchana watu wanawasha taa ili watafute kijiko. Mbao nyingine zote zilikuwa kavu. Huu mmoja tu ulikuwa na doa la unyevu, dogo kama mdomo wa mtoto, linakuja na kufifia, linakuja na kufifia, kama kioo mtu anapokipumulia kwa karibu. Mama Pacha akalifuta kwa upindo wa nguo yake. Likarudi.

Jina la Mama Pacha lilikuwa bado lake, ingawa pacha alibaki mmoja. Watu hawakujua wamwiteje sasa. Alizaa mabinti wawili. Mmoja mdomo wake haukujua kufunga, baba yake akamwita Chiriku. Mwenzake ukimsalimia anatikisa kichwa, huyo akaitwa Kimya. Chiriku alikufa msimu wa mvua uliopita, kwa kifua. Baada ya mazishi baba yao, fundi seremala, alibandua mbao za zamani za ukuta ule na kukuta nyuma yake ukungu mweusi umetanda kutoka chini hadi darini, pale pale kilipoegemea kitanda cha watoto. Mbao zilikuwa zimepigiliwa moja kwa moja kwenye matofali, maji yakiingia nyuma hayana pa kutokea. Na aliyezipigilia ni yeye mwenyewe, mwaka aliooa. Alikaa chini na nyundo mapajani mpaka giza likaingia.

Ndiyo maana safari hii kuchagua cha kufunika ukuta kuliwachukua muda kuliko watu wanavyochagua mchumba.

"Tuweke mabati," mkewe alisema.

"Yatatoka jasho kwa ndani. Na kila tone likidondoka kutoka mtini utadhani tunapigwa mawe."

"Basi piga simenti."

"Simenti hapa itakauka lini? Jua lenyewe unaliona wapi?"

"Sasa unataka nini, Baba Pacha? Tuivishe nyumba sweta?"

Wakacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha wote wawili wakaona aibu.

Fundi akaamua mbao tena, ila kwa namna nyingine. Kwanza alisimamisha fito ukutani, akazipaka dawa. Juu ya fito ndipo akapigilia mbao, kila moja ikilalia ya chini yake, kukabaki upenyo wa vidole viwili kati ya mbao na matofali, ili upepo uingie chini utokee juu. Mdomo wa chini akauziba kwa wavu wa chuma, panya na nyuki wasije wakahamia. "Ukuta ukipumua, na Kimya atapumua," alisema. Na kweli, kifua cha mtoto, kilichokuwa kimeanza kubana kama cha dada yake, kilifunguka, akaanza kulala vizuri na kumaliza chakula chake.

Halafu ndiyo likaja lile doa.

Mama Pacha alikuwa bado ameinama mbele yake, mume yuko kazini, Kimya kalala ndani, aliposikia kitu kinakwaruza nyuma ya ubao. Alidhani ni panya. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Kikagonga na chenyewe. Ikatoka harufu ya majani yaliyooza, na ndani ya harufu hiyo, nywele za mtoto aliyenyeshewa.

"Mama," ubao ukasema.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi ningekimbia, na wewe ungenipita njiani, tusidanganyane. Lakini mwanamke huyu alikuwa amekaa miezi katika nyumba iliyonyamaza, akilala na kuamka na kimya kile, na sauti ile ilikuwa ya Chiriku, haina nukta wala mkato, mama huku kuna giza, mama kuna baridi, mama mbona mmekihamisha kitanda.

"Niko hapa, mwanangu," alijibu. Doa likapanuka.

Tangu siku hiyo, fundi akitoka tu, yeye anakwenda ukutani. Akaung'oa wavu wa chini. Akalala kifudifudi kwenye tope, akaingiza vidole viwili, maana ndivyo vilivyoweza kupita, akavisukuma juu gizani mpaka vikashikwa na vidole viwili vingine, vidogo, baridi, vilivyolowa, vikavishika vyake kama mtoto anavyoshika mkono wa mama yake anapovuka barabara, na akalia kwa raha ambayo hangeweza kumweleza mtu.

Ndani, kifua cha Kimya kikaanza tena kupiga filimbi.

Fundi aliona mbao zinaloa na mtoto anadhoofika, akahangaika. Alipanda juu ya paa, akazibua mifereji, akakata matawi. Hakuona kosa. Siku moja akarudi mapema akamkuta mkewe kalala kwenye tope, mkono ukutani.

"Unafanya nini?"

"Usipige kelele," alinong'ona. "Utamtisha."

"Nani?"

"Baba, umerudi?" ukuta ukauliza.

Fundi akaushika ubao kwa mikono miwili, na akiwa ameushika hivyo akausikia unavuta pumzi ndefu ili uendelee kusema, na ndani ya nyumba, dakika hiyo hiyo, Kimya akakohoa akakatika pumzi, kisha sauti ikaongea na Kimya akapata hewa kidogo, kisha sauti ikavuta pumzi tena na Kimya akakatika tena, mpaka baba akaelewa kwamba pumzi ilikuwa moja na wanaovuta walikuwa wawili.

Walimleta bibi mmoja anayejua mambo ya majini na mapepo. Alifika mchana, akapiga magoti kwa shida, akanusa upenyo.

"Kazi yako nzuri, fundi, usiilaumu," alisema. "Hiki ni kitu cha msituni, kinapenda kivuli na maji. Kingepita kama upepo. Kimekaa kwa sababu kinajibiwa."

"Mbona kina sauti yake?" Mama Pacha aliuliza.

"Ndiyo sauti uliyokuwa unaitafuta, binti yangu. Sasa wewe uliyekijibu ndiye utakayekikana, kwa mdomo wako. Baada ya hapo asikijibu mtu tena."

"Na kama ni yeye, bibi?"

Bibi akaelekeza kidole ndani ya nyumba. "Aliye hai ni yule wa kitandani," alisema.

Akafukiza. Moshi ukapanda ndani ya upenyo, na fundi akaanza kubandua mbao kuanzia juu, na kila ubao ulipoanguka sauti ikashuka chini zaidi na kuwa ndogo zaidi, mama moshi unaniumiza, mama mwambie baba aache, mama nimefanya nini, mpaka ukabaki ule ubao wa mwisho, na nyuma yake sauti ikasema polepole, "Mama, nitanyamaza. Sitaongea tena. Nitakuwa kama Kimya."

Fundi akaacha kubandua. Alikuwa analia waziwazi.

Ndani, Kimya alikohoa, kisha hakusikika.

"Wewe si mwanangu," Mama Pacha alisema. "Wewe si Chiriku. Mwanangu nilimzika. Ondoka."

Moshi ukainamia msituni, majani yakatikisika kuelekea gizani, na hakukuwa na upepo. Ndani ya nyumba mtoto akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Mbao zilirudishwa, na wavu mpya. Mvua zilikuja, zikanyesha mpaka watu wakazichoka, na ukuta haukuota hata chembe ya ukungu. Majirani walikuja kuutazama, wakaenda kufanya hivyo hivyo kwao. Kimya alinenepa. Mama yake alianika nguo, akapika, akafua, na hakuupitia ukuta ule bila kuinamisha uso.

Mvua zilipokwisha, alitoka na beseni la nguo akamkuta Kimya amechuchumaa, sikio kwenye ubao wa chini. Akauangalia ubao. Ulikuwa mkavu kabisa. Alimsikiliza mtoto anavyopumua. Alikuwa anapumua vizuri.

"Unaongea na nani?" alinong'ona.

"Siongei, mama. Bibi alisema tusimjibu. Namsikiliza tu."

"Anasema nini?"

Kimya akayatafuta maneno, maana hakuyazoea.

"Anasema amejitahidi kunyamaza, mvua zote. Anauliza kama sasa unamtaka."

Mama Pacha akaliweka beseni chini. Akakaa kando ya binti yake, akamshika mkono, na kwa mkono wa pili akajiziba mdomo, akaukandamiza kwa nguvu, asije akajibu.