Chumba Kilichofutwa

Mlango ulisalimu amri kwa teke la pili.

Kwinini aliingia na bastola ya Glock mbele. Wenzake idarani walimpa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake mchungu, naye hakuwahi kulikataa. Ofisi ilikuwa ya meza moja, feni moja na kompyuta moja iliyonguruma sakafuni. Nje ya dirisha, makontena mia sita ya majokofu yalipangwa matatumatatu katika jua la saa nane, mota zake zikipiga kelele za kuua masikio.

Mwanamume mwenye miwani aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Mikono juu, Fundi."

Fundi ndiye aliyewatunzia kompyuta wauza silaha za magendo. Aliinua mikono polepole, meno yote nje.

"Umechelewa, mama. Nimeshafuta."

Kwinini alimfunga pingu kwenye bomba la ukutani. Kumtia adabu kungesubiri. Asubuhi ile wauza silaha hao walikuwa wamemnasa jasusi mwenzake na kumtupa ndani ya kontena mojawapo, halafu wakafunga mlango usiopitisha hewa. Daktari wa idara alishapiga hesabu. Pumzi zingemwishia saa tisa kamili. Kufungua makontena yote kulihitaji siku mbili, na namba ya lile moja ilikuwa kwenye orodha ya mizigo ndani ya kompyuta hii tu.

Jasusi huyo alikuwa shemeji yake.

Hawakupatana tangu siku ya posa. Mtu wa majivuno, mjuaji wa kila kitu. Lakini mdogo wake Kwinini, mke wa mjuaji huyo, alikuwa na mimba ya miezi minane, na Kwinini alikuwa radhi apigwe risasi kuliko kwenda kumbishia hodi na habari ya msiba.

Sauti ya Mkuu wa idara ikakwaruza sikioni.

"Ripoti."

"Kompyuta ninayo."

"Usiiguse. Ni ushahidi. Ing'oe, uilete makao makuu."

"Makao makuu ni mwendo wa saa mbili, Mkuu. Shemeji ana dakika hamsini."

"Hiyo ni amri."

"Sikusikii vizuri."

Alikizima kisikizi.

Kompyuta ilidai nywila. Kwinini hakuibembeleza. Aliizima, akachomeka flashi ya Kingston na kuiwasha upya kupitia hapo. Ndani ya flashi ile mlikuwa na mfumo mzima wa uokoaji, usiomwomba mwenye nyumba ruhusa.

Diski mbili zikajitokeza. Akaziamuru zifunguke.

Zikagoma.

Fundi aliangua kicheko. "Ulidhani nimezikata vipande kama mkate? Nimeziunganisha zikawa ghala moja, kisha nikaligawa vyumba. Mgeni anaona ukuta tu."

"Funga bakuli lako."

Aliandika *vgscan*. Ghala likajitaja jina. Akaandika *vgchange -ay*, na vyumba vikaamka kimoja baada ya kingine.

Viwili tu. Kimoja cha mfumo, kimoja cha barua. Cha orodha ya mizigo hakikuwapo.

"Si nilikwambia?" Fundi alisema. "Nimekifuta chumba kizima. Jamaa yako atakufa anakulaani."

"Hata akiwa hai ndiyo kazi yake."

Jibu lilitoka, lakini jicho lilikuwa kwenye saa. Aliogopa. Dakika thelathini na moja.

Akageuka taratibu.

"Kuchoma data yote kunahitaji saa tatu, Fundi. Wewe ulinisikia ngazini. Ulipata wapi saa tatu?"

Meno ya Fundi yalikuwa yamerudi ndani.

"Hukuchoma chochote. Umefuta ramani tu, mizigo bado ipo. Na mashine hii, kabla haijafuta chumba, huandika kwanza nakala ya ramani ya zamani."

Alifungua chumba cha mfumo, akashuka hadi kwenye kumbukumbu za ghala. Faili lilikuwepo. Liliandikwa saa nane na dakika nane. Alilinakili kwenye flashi.

Fundi alirusha mguu. Waya wa umeme ukachomoka ukutani.

Skrini ikafa.

Kwinini alimpiga kitako cha bastola begani, akamsogeza mpaka pingu ikalia. Akachomeka waya. Akawasha upya. Dakika nne zikaliwa bure, naye akazihesabu kwa matusi.

*vgcfgrestore*. Ramani ya zamani ikarudi mahali pake. Akaamsha vyumba tena.

Vitatu.

Alifungua kile cha tatu kwa kusoma tu, asije akaharibu herufi. Makontena saba ya bunduki, yote na namba zake. Chini kabisa, mstari mmoja: *Mgeni, 4471, safu ya tisa.*

Akaipiga picha orodha kwa simu, akamtumia Mkuu, kisha akakiwasha kisikizi.

"Kreni! Safu ya tisa, 4471."

"Liko chini," dereva wa kreni aliyekuwa akisubiri nje alijibu. "Kuna mawili juu yake. Nipe dakika kumi na tano."

"Unazo nane."

Alikimbia.

Kontena la pili lilikuwa bado linaning'inia hewani alipoupiga mlango wa lile la chini kwa mtaimbo. Shemeji alianguka kifudifudi kwenye zege, midomo ya bluu, akivuta hewa kwa pupa.

"Umechelewa," alikoroma.

Kwinini alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Umevunja amri," Mkuu alinguruma sikioni.

"Orodha iko kwako. Makontena saba. Waambie vijana wako wakimbie kabla wenyewe hawajayahamisha."

Mkuu alishusha sauti. "Na yeye?"

"Mzima. Hana shukrani."

Alitoa simu, akabonyeza namba ya mdogo wake, akamwekea shemeji sikioni. Sauti ya mwanamke ilisikika hadi aliposimama Kwinini.

"Dada? Niambie tu. Nimeshakaa chini."

Shemeji alifumba macho.

"Ni mimi," alisema.

Upande wa pili, kilio kikapasuka.

Kwinini alirudisha Glock kiunoni, akaenda zake kumfungua Fundi kwenye bomba.