Mama Mkwe Alianguka Kwenye Ukoga

Kila asubuhi, kabla ya chai, Joachim alifagia lupango lake, yaani uwanja wa nyumba yake, pale Likasi, mji wa migodi huko Kongo. Na hakufagia kwa mchezo! Alishika ufagio kwa mikono miwili, akakwangua chini mpaka udongo ukang'aa. Kisha alimwaga maji ya sabuni. Majani ya chini yakirefuka kidogo, aliyakata kwa panga mpaka kwenye mizizi.

Kwa nini alijitesa hivyo? Kwa ajili ya mama mkwe. Mama Marceline, mama wa mke wake Angèle, aliishi nao katika chumba cha uani. Asili yao ni Kasai, na kwa Wakasai mama mkwe huheshimiwa kweli kweli. Joachim hamshiki mkono. Hali naye chakula. Hamtazami usoni, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Basi atamwonyeshaje kwamba anampenda? Aliona afadhali amsafishie njia ya kwenda bombani.

Lakini kwenye njia hiyo, chini ya mti wa avoka, yaani mparachichi, mahali palipokuwa na majani mazuri zamani, paliota kitu kingine. Kilikuwa cha kijani, laini, chenye utelezi. Ulikuwa ukoga. Joachim aliukwangua, ukarudi. Alimwaga javel, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe. Majani machache yaliyobaki yalikufa, na ukoga ukarudi tena.

"Angèle, minye sielewi," alisema. "Nikisafisha sana, njo inachafuka zaidi. Nani ananichezea?"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Shemeji yake Papy alisema ni vumbi la migodi. Jirani mmoja alinong'ona kwamba kuna muntu alizika kitu pale. Fundi alisema amwage saruji, yaishe. Joachim aliwasikiliza wote, na kichwa kikazidi kuvurugika.

Asubuhi moja ya Januari, baada ya mvua, Angèle alikuwa sokoni. Mama Marceline alitoka na beseni lake, akakanyaga ukoga. Pu! Chini.

"Mama yee! Mguu yangu!"

Joachim alikimbia. Alipobakiza hatua mbili, akasimama. Amshike? Ni mama mkwe! Amwache? Ni mzee, analia! Alinyoosha mikono, akairudisha. Akazunguka pale, hajui la kufanya. Mwishowe alipiga kelele, na jirani Noëlla akaja kumwinua mama.

Mfupa haukuvunjika, ila kifundo kilivimba vibaya. Jioni Mama Marceline alisema na binti yake, kwa sauti ya kumfikia Joachim nyuma ya mlango.

"Angèle, nimeelewa. Muntu anakwangua lupango kila siku mpaka inateleza, anataka nini? Anataka niende. Mvua ikikatika, kaka yangu wa Kapolowe atakuja kunichukua."

Maskini Joachim! Aibu ilimwaka mpaka masikioni. Angemjibuje mama mkwe? Angèle alimtetea, mama hakutaka kusikia. Usiku ule hakula.

Kesho yake Noëlla alimkuta chini ya avoka, chupa ya javel mkononi. Mama huyu ni agronome, mtaalamu wa kilimo. Alifundisha wakulima wa Kapolowe miaka kumi.

"Papa Joachim, unataka kuua nini?"

"Ukoga, Mama Noëlla. Inakula majani yangu."

"Aka! Ukoga haikuli majani. Majani yanakufa kwanza, njo ukoga inakuja kukaa mu nafasi yake. Na weye njo uliifungulia mulango."

"Minye? Na vile ninafagia?"

"Njo kule kule kufagia! Leta nondo."

Joachim alileta nondo. Noëlla aliisukuma ardhini kwa nguvu. Haikuingia.

"Umeona? Udongo imekuwa mugumu sawa tofali. Mayi inasimama juu, mizizi inakosa pumzi. Mti imefunika jua. Mayi ya paa inaangukia hapa, na weye unaongeza ingine kila siku. Majani nayo umeyanyoa mpaka chini. Ukoga itatafuta nini tena?"

Joachim alijaribu nondo mwenyewe, haikuingia. Kisha akauliza polepole, "Kumbe heshima yangu njo imemuangusha mama?"

Noëlla alitaka kucheka, lakini aliona macho yake yenye huzuni.

"Kupotea njia njo kujua njia, papa. Tuanze kazi."

Wakakata matawi ya chini ya avoka, jua likaingia. Wakachimba mfereji wa kupeleka maji ya paa mbali. Joachim alitoa ukoga kwa reki. Kisha alitoboa udongo kwa uma wa shamba, shimo kwa shimo, akajaza mchanga. Noëlla alinyunyiza chokaa kidogo, kwa kuwa udongo ule ulikuwa umechacha kwa tindikali. Ndipo Joachim akapiga magoti kwenye matope, akapanda vipande vya majani ya kutambaa toka mlango wa mama mpaka bombani, akiacha nafasi ya kiganja kati ya kipande na kipande.

"Sasa usifagie tena hapa. Usikanyage. Yakipita urefu ya vidole vinne, kata juu tu."

Wiki mbili zikapita. Jamani, lupango lilitisha! Matope, na vijani vimekauka ncha. Mama Marceline alichungulia dirishani. "Sasa hata kufagia ameacha!"

Joachim alikimbia kwa Noëlla. "Imekuwa mubaya kuliko mbele! Nilikosea wapi tena?"

"Haukukosea. Mizizi njo inatangulia, majani itafuata. Ngoja."

Akangoja, ingawa mikono ilimwasha kutafuta ufagio. Mwezi wa tatu majani yakaanza kutambaa, yakashikana. Ukoga haukupata pa kukaa.

Aprili mvua ikakatika. Kaka mtu, Athanase, akafika kutoka Kapolowe. Joachim alimsalimu, akajitenga nyuma ya nyumba. Mama Marceline alitoka chumbani bila viatu, bila fimbo aliyotumia tangu aanguke. Alipita juu ya majani taratibu, akaketi katikati.

"Dada, twende," Athanase alisema. "Vitu yako iko wapi?"

Mama Marceline alipapasa majani kwa mkono.

"Athanase, miezi mitatu niliangalia ule mwanaume ku dirisha. Alipiga magoti mu matope, akapanda jani moja moja, toka mulango yangu mpaka ku bomba. Muntu wa kunifukuza angefanya vile? Nilimuzania mubaya. Weye rudia peke yako. Minye niko kwangu."

Nyuma ya nyumba, Joachim alisikia kila neno. Aliketi chini palepale, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamsikia.