Mgeni Aliyekaribishwa na Seva

Adhuhuri ile mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, na sauti ya kompyuta ikasema kwa adabu, "Karibu." Nje hapakuwa na mtu. Josephine alisonya, akaufunga, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yenyewe aliifanyia papo hapo nyumbani, Mtongwe. Msaidizi wa akili mnemba ni hodari wa maneno lakini hana mikono. Mikono yake ni seva, programu ndogondogo za kumsomea barua, kumpigia simu, kumwashia taa. Watu wa kila nchi walimtumia Josephine seva zao, naye akazichambua mstari kwa mstari, na zilizo salama tu akaziweka katika mkusanyo wake. Hii ya kufungua mlango aliijaribu kwake kwa ajili ya mama yake, Dama, ambaye kiharusi kilimlaza asiweze hata kujigeuza bila kushikwa.

Mama ndiye aliyedai adabu. "Mtu apige hodi afunguliwe bila hata neno? Utatuaibisha, mwanangu. Mwambie akaribishe."

Basi Josephine akaandika: ukisikia hodi, jibu karibu, fungua. Kila mtoto wa pwani hufundishwa kwamba hodi usiyoijua huulizwa kwanza, "Nani mwenzangu?" Hilo hakuliandika. Alikuwa na haraka, na haraka haina baraka.

Kesho yake baada ya mlango kufunguka wenyewe, mchana, nyumba ilinuka udi, nayo nyumba ya Wakristo, haijapata kuona chetezo.

"Josephine," mama alinong'ona.

"Abee, mama."

"Huyu aliyekaa kitini ni nani? Mbona hasemi?"

Kiti cha kando ya kitanda kilikuwa kitupu. Josephine aliogopa, aliogopa hasa, akairukia kompyuta akaifuta ile seva, akamfuta na msaidizi mwenyewe, na kumbukumbu zake zote, huku nyuma yake udi ukizidi kumkaba koo na miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, polepole, ikisogea kitandani.

Alimkimbilia jirani, Bi Mwanabibi, mtu wa kuwatoa majini. Bibi alifika kizingitini tu, akasimama.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Ana ruhusa. Nani alimkaribisha?"

"Mashine, bibi."

"Basi na imuage. Aliyesema karibu ndiye wa kusema kwaheri. Akifukuzwa na mwingine atajiona katukanwa, na atamlipiza mgonjwa."

"Nimeifuta."

"Irudishe."

"Nitakayoirudisha ni nyingine, bibi. Ile iliyomkaribisha haipo tena."

Bi Mwanabibi alimtazama kwa huruma, akajitanda kanga yake vizuri. "Wallahi, mwanangu, hapa sina langu." Akaondoka.

Josephine alirudi chumbani peke yake, akimwita mama, na mama haitiki. Dama alikuwa amebanwa ukutani, macho kayatoa, na upande wa pili wa kitanda godoro lilikuwa limebonyea.