Baba Watoto, Twende Nyumbani

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa Kezia alipofika kwenye makaburi ya kaunsili, nyuma ya mji wa Suna, na leso tupu mkononi. Alikuja kuchota udongo. Viganja viwili tu, kisha arudi nyumbani ng'ambo ya mto kabla giza halijaingia vizuri. Kazi ya mtoto, ungesema. Hata mimi ningesema hivyo, kabla sijaisikia hadithi hii.

Mumewe alizikwa pale mwaka wa Elnino. Alikuwa akirudi kutoka Mbita, homa ikamwangusha mjini, akafia hospitalini bila kitambulisho mfukoni. Mto ulikuwa umefurika, daraja limekatika, na watu wake ng'ambo hawakujua lolote. Mochari ilipojaa, maiti wasio na wenyewe walizikwa shimo moja. Habari ilipovuka mto, yeye alikuwa ameshalazwa chini ya wenzake.

Kisha bintiye, Terry, akaanza kuugua. Kifua kilimbana, akahema kama aliyebeba gunia. Zahanati walimchoma sindano, wakampa dawa ya maji, na wapi! Kila alipozinduka alisema neno lilelile.

"Mama, Baba anasema wanamlalia."

Mchana huo Terry hakuweza hata kukaa. Susana, mama mkwe wa Kezia, alimvuta mkazamwana wake jikoni.

"Kamlete, nyathina, mwanangu. Mtu wetu halali ugenini. Chota udongo wake, umwite kwa jina, na usigeuke nyuma mpaka ufike hapa."

"Kwa jina, Mama?"

"Kwa jina. Mficha uchi hazai."

Hapo ndipo penye mwiba. Jina lenyewe lilikuwa Zadock. Mimi nalitamka kirahisi kwa sababu mimi hakunioa. Kezia hakuwahi kulitamka tangu siku ya harusi, maana alilelewa kwamba mke mwenye adabu hamwiti mumewe kwa jina. "Baba watoto" lilitosha jikoni, shambani na kitandani.

Mlinzi wa makaburi, mzee mmoja Mkisii aliyeitwa Osoro, alimwonyesha tuta refu lililoota majani mabichi kupita kiasi.

"Ni hapo. Kwa kitabu wameandika wanaume tu, mama. Majina hakuna."

"Nachukua tu mchanga kidogo, mzee."

"Chukua. Lakini ongea polepole." Osoro alikuwa akilitazama tuta, si Kezia. "Hawa tangu waingie, hakuna mtu amewahi kuwaita."

Akarudi getini. Kwa mzee wa umri wake, alitembea haraka mno.

Kezia akapiga magoti. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi, lakini udongo ulikuwa umelowa. Ulinuka dawa ya mochari. Akaufunga kwenye leso, akafungua mdomo.

"Za..."

Aibu ikamkaba. Kama kweli mumewe yuko hapo, atamsikia mkewe akimwita kama anaita mtoto wa jirani! Akainamisha kichwa, akanong'ona kama alivyozoea.

"Baba watoto... twende nyumbani."

Vyura wa mtaroni wakanyamaza.

Ardhi ikainuka kidogo chini ya magoti yake, kama godoro mtu anapoondoka juu yake.

Hakugeuka. Alishika njia ya mtoni, na muda si muda akasikia hatua nyuma yake. Miguu mitupu. Chap... chap... Kisha kikohozi. Kikavu, kifupi, na mwishoni koo likasafishwa. Kezia alikijua kikohozi hicho hata usingizini. Machozi yakamtoka. Aliogopa, na alifurahi kuliko alivyoogopa.

Daraja la mbao lilikuwa tayari limefifia gizani.

"Tunavuka maji, baba watoto," akanong'ona.

Kikohozi kikamwitikia.

Kisha kingine. Kizito, cha mtu mnene.

Hakikuwa cha mumewe.

Mbao zikalia chini ya miguu yake. Akafika upande wa pili, akasimama. Mbao zikaendelea kulia... Leso ilikuwa imekuwa nzito, inamvuta mabega. Na karibu kabisa na sikio lake, sauti ya mwanamume ikaomba maji ya kunywa kwa Kikuria. Kezia alilijua neno hilo kutoka sokoni. Mumewe hakujua Kikuria, hata salamu.

Ndipo alipoelewa. Katika lile shimo, nani hakuwa baba wa watoto mahali fulani?

"Zadock," akasema kwa sauti. Lilitoka kirahisi, na hilo ndilo lililomuuma. "Nimemwita Zadock peke yake."

Hatua zikasimama. Kisha zikaanza tena, zote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Angeweza kuutupa ule udongo mtoni. Lakini angemtupa na Zadock pia, na Terry asingeiona asubuhi. Akaikumbatia leso yake kifuani, akatembea.

Nyumbani mbwa hakubweka. Alijipenyeza chini ya ghala, akalala kimya. Susana aliupokea udongo, akaufukia kando ya nyumba huku akimkaribisha mwanawe kwa sauti ya chini. Na ndani, Terry alikuwa ameketi anakunywa uji! Homa imeshuka, kifua kimefunguka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kezia akaangua kilio cha shukrani, hakujali nani anamwona.

Susana akaingia akipangusa mikono.

"Ulimwitaje?" akauliza.

"Baba watoto," Kezia akajibu.

Mama mkwe akaenda kuufunga mlango. Akausukuma, ukagoma, kana kwamba mtu amesimama kizingitini. Akausubiri. Baada ya muda mrefu ukajifunga wenyewe, taratibu. Susana akaenda kuketi kwenye kona.

Wakati wa kulala Terry alijibana ukutani.

"Baba amefika, Mama. Amefurahi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lakini sogea." Pumzi yake ilikuwa imeanza kukatika tena. "Sogea sana, Mama. Hapatoshi. Hawa baba wengine wanauliza watalala wapi."

Upande wa miguuni, godoro likabonyea.