Pembe Isiyonuka

Pembe ile haikunuka.

Sarai Tarin nzima, mji wa mafundi wa pembe kaskazini mwa India, inanuka pembe iliyoungua: nguo, magodoro, hata chapati za asubuhi. Aliyezaliwa huko haisikii tena harufu hiyo. Huigundua tu pale inapokosekana. Ndiyo maana Shahana, aliyekuwa akisugua vifungo kwa majivu kwenye kona ya karakana, aliinua kichwa mara mumewe alipoisogeza pembe kwenye makaa kuijaribu.

"Baba Afshan, hiyo ni pembe kweli?"

"Sasa ni nini, muwa?"

"Hainuki."

"Una mafua. Ukungu wa wiki hii umekuziba."

Hakuwa na mafua. Alikuwa akisikia harufu nyingine, hafifu, ya utosi wa mtoto mchanga aliyetoka kunyonya.

Pembe ile ilitoka katika gunia la kawaida la pembe za nyati wanaofugwa kwa maziwa, lakini ilikuwa imejikunja karibu duara kamili, nyeusi, na mstari mmoja mweupe kutoka shinani hadi nchani. Kwa siku mbili walibishana waitengeneze nini. Shahana alitaka bakuli. Mukarram, mumewe, alitaka kitana cha binti yao Afshan, ambaye harusi yake ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Kitana kirefu, na ule mstari mweupe upite mgongoni mwake. Baba yake Mukarram, mzee Shafiq, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, aliipapasa, akaiweka sikioni, kisha akaitoa haraka.

"Iache na mviringo wake," alisema. "Fanya baragumu. Au usifanye kitu."

"Baragumu nimpigie nani, Baba? Watu wana simu."

Afshan alicheka. "Babu anataka nisindikizwe kama jeshi."

Mukarram aliipasua kwa msumeno, akaipasha moto mpaka ikalegea, akaibana kwenye kibano cha chuma iwe bapa. Kibano kilipokazwa, pembe ilitoa pumzi moja ndefu, ya mtu aliyekandamizwa kifua.

"Hewa," alisema Mukarram, ingawa hakuna aliyeuliza.

Jioni kitana kilikuwa tayari. Shahana alifagia unga na vipande vilivyobaki, akampa mkulima wa viazi aende kuvitia shambani kama mbolea, kama afanyavyo kila Alhamisi.

Asubuhi ya tatu walikikuta kitana kimejikunja kwenye rafu.

"Umekiosha kwa maji ya moto?" Mukarram alimuuliza binti yake.

"Sijakiosha, Baba. Nimechania tu."

Kila fundi anajua kwamba pembe hukumbuka; ikiguswa na joto hutaka kurudi ilivyokuwa. Mukarram akakirudisha kwenye kibano, akakikaza zaidi. Mchana huohuo, wakila wali na dengu, Shahana aliona shingo ya Afshan imelalia bega la kushoto.

"Ulilala vibaya?"

"Mbona niko sawa, Mama?"

Kitana kikajikunja tena, Mukarram akakinyoosha tena, na bega likaifuata shingo. Mara ya nne, Shahana akiwa amesimama mlangoni na kibano kikilia kwa kukazwa, alimwona binti yake uani akiinama taratibu, bila maumivu, kama anayetafuta kitu alichoangusha, mzunguko kwa mzunguko wa skurubu ya kibano, na kibano kiliposimama naye akasimama hapohapo alipofikia, asiinuke tena.

"Acha," Shahana alimnong'oneza mumewe. "Mkunjo unaoutoa humo unakwenda kwake."

Mukarram aliachia mkono wa kibano, na hakukigusa tena. Lakini Afshan hakuinuka kutoka pale alipokwisha kuinama.

Maulana Tauqir, shehe anayesomea wagonjwa, aliitwa Jumamosi, saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito kiasi kwamba taa ziliwashwa. Alisoma kwa muda mrefu, akapulizia maji, akamnyunyizia Afshan usoni, akasoma tena, na kadiri alivyosoma ndivyo pumzi ya binti ilivyoanza kuvuma, si kwa mkoromo wa mgonjwa bali kwa mvumo mwembamba unaozunguka, kama upepo unaopita ndani ya kitu kitupu kilichopinda, mpaka mzee Shafiq kule kitandani kwake akaziba masikio.

"Unataka nini kwa binti huyu?" aliuliza Maulana.

Sauti ilikuwa ya Afshan, tulivu kabisa. "Mlibishana siku mbili. Bakuli, kitana, baragumu. Nilikuwa ndani, nawasikia. Hakuna aliyeniuliza mimi."

"Tunakuuliza sasa. Unataka kuwa nini?"

"Nilivyokuwa."

Maulana aligeuka, jasho likimtoka katika baridi ile. "Leteni yote. Kitana, vipande, unga. Chembe isipungue."

Mukarram alimtazama mkewe. Shahana alikuwa ameshatoka, bila viatu.

"Ile mbolea?" mkulima wa viazi alishangaa kule shambani. "Dada, nimeichimbia wiki mbili sasa. Maji yamepita mara mbili."

Shahana alipiga magoti kati ya matuta hata hivyo, akauchuja udongo vidoleni, huku ukungu ukimficha hata mkulima aliyekuwa hatua tano tu kutoka kwake akimsihi ainuke, mpaka vidole vikafa ganzi na asiweze tena kutofautisha udongo na kitu kingine chochote. Alirudi nyumbani na matope kwenye ncha ya mtandio.

Maulana aliyatazama, akavaa viatu. Hakunywa chai. Ijumaa iliyofuata wakwe watarajiwa walituma ujumbe wa maneno manne kuvunja uchumba.

Ukungu ulipoisha walianza kumbeba Afshan hadi juu ya paa aote jua. Kidevu kilikuwa kimegusa magoti, ingawa kibano hakikuguswa tena. Shahana alimpaka mafuta ya haradali na kumchambua nywele kwa vidole. Kitana hakikutajwa tena katika nyumba ile. Jua lilipopanda, aliisikia harufu: pembe inayoungua, kali, ya kukwaruza koo. Alichungulia karakana chini. Ilikuwa Ijumaa, moto haukuwashwa.

Akainama, akanusa utosi wa binti yake. Harufu ilitoka humo.

"Mama," alisema Afshan, sauti ikitokea mbali ndani yake. "Mmeshaamua?"

"Kuamua nini, mwanangu?"

"Mtanitengeneza nini."